Dhamana ya Jiko Isiishie Mwaloni

Mwananchi wa kisiwa cha Rukuba au cha Irugwa anapofunga safari kuja mjini Musoma kununua jiko la kuni, jambo la kwanza analouliza katika maduka ya Mukendo ni bei. La pili ni kama jiko lenyewe halili kuni nyingi. La tatu, ambalo kwa maoni yetu lingestahili kuwa la kwanza, mara nyingi haliulizwi kabisa: jiko hili likivunjika, nani atalitengeneza, wapi, na kwa gharama ya nani?

Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa dhamana, na wengi wetu tumezoea kuliita waranti. Ni ahadi ya mtengenezaji kwamba kitu alichokiuza kitadumu kwa muda fulani, na kwamba kikiharibika kabla ya muda huo kwa kosa la utengenezaji, yeye atakitengeneza, atatoa kingine, au atarudisha fedha. Ahadi zote hizo zaonekana kufanana zikiandikwa juu ya boksi. Lakini mtu akizisoma moja baada ya nyingine ataona kwamba zinatofautiana kama mchana na usiku, na tofauti hizo humwumiza mkazi wa kisiwani kuliko mtu mwingine yeyote.

Tunalizungumza jambo hili sasa kwa sababu wakati wake umefika. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi ya gesi na majiko banifu kwa bei ya ruzuku. Hizo ni juhudi njema na tunaziunga mkono. Hata hivyo, ukweli unabaki kwamba mpaka gesi na umeme vitakapofika kila kisiwa kwa bei anayoimudu mvuvi, jiko banifu la kuni litaendelea kuwa tegemeo la nyumba nyingi. Jiko likipasuka baada ya miezi mitatu, mama wa nyumbani hatangojea mkakati. Atarudi kwenye mafiga matatu siku hiyo hiyo, na fedha ya ruzuku itakuwa imekwenda na moshi.

Yafaa kwanza tueleze jiko huharibika vipi, maana dhamana isiyogusa mahali panapoharibika ni karatasi tu. Majiko mengi banifu ya eneo letu ni ndugu wa jiko la udongo na bati lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, ambalo nalo lilichukua mfano wake kutoka jiko la ndoo la Thailand. Ndani kuna kikombe cha udongo uliochomwa. Nje kuna ganda la bati. Katikati huwekwa saruji iliyochanganywa na kitu cha kuzuia joto. Udongo na bati havitanuki sawasawa vinapopata moto. Kwa hiyo, kila mara jiko linapowashwa na kuzimwa, viwili hivyo huvutana. Udongo usiochomwa vizuri tanuruni hupata ufa upesi. Bati jembamba nalo huliwa na moto kwa ndani na kutu kwa nje, na unyevunyevu wa ziwani huharakisha kutu hiyo. Yako pia majiko ya chuma kitupu, ambayo chumba chake cha moto kisipokuwa cha chuma cha kustahimili joto kali huanza kubanduka magamba na kutoboka.

Basi sehemu za kufa mapema ni nne: kikombe cha udongo au chumba cha moto, wavu wa kupitishia majivu, vishikio na miguu, na ganda la nje. Mnunuzi mwenye busara huuliza dhamana inasema nini juu ya kila moja ya hizo nne. Ikiwa karatasi inalinda ganda na miguu lakini inakiacha kikombe cha ndani kwa kisingizio kwamba ni “sehemu inayochakaa”, basi imelinda kile kisichovunjika na kukiacha kile kinachovunjika.

Tukitazama soko letu, tunaona aina tatu za dhamana. Aina ya kwanza ni neno la fundi. Fundi wa bati wa hapa hapa mjini huuza jiko alilolitengeneza kwa mikono yake, na dhamana yake ni uso wake. Likilegea mguu, mnunuzi humrudia naye hulipiga ribiti palepale. Uzuri wa dhamana hii ni ukaribu. Ubaya wake ni kwamba haina tarehe, haina mipaka, wala haina ushahidi. Fundi akihama au akikana, hakuna pa kushika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Aina ya pili ni karatasi ya kiwanda. Hii ina muda uliotajwa, ina anwani, na nyuma yake pana kampuni inayoweza kushtakiwa. Lakini ina masharti, na masharti ndiyo dhamana yenyewe. Tunawaomba wasomaji wayatazame manne. Sharti la kwanza ni siku ya kuanza kuhesabu: je, muda unaanza siku jiko lilipotoka kiwandani, au siku mwananchi aliponunua? Jiko lililokaa ghalani miezi sita laweza kuwa limemaliza nusu ya dhamana ya mwaka mmoja kabla halijawashwa. Sharti la pili ni matumizi: karatasi nyingi za namna hii hulinda matumizi ya nyumbani tu. Sasa mama anayepikia watoto wake asubuhi, na mchana akakaanga sato wa kuuza mwaloni kwa jiko lile lile, huyo ni mtumiaji wa nyumbani au mfanyabiashara? Kisiwani hakuna ukuta kati ya mambo hayo mawili, na mtengenezaji akitaka kumkwepa, atamkwepa kwa sharti hilo. Sharti la tatu ni ushahidi wa ununuzi, yaani risiti. Risiti za mashine za kielektroniki huchapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia. Ikiwekwa karibu na moto huwa nyeupe kabisa. Sharti la nne ni mahali pa kurudishia, na hili ndilo zito kuliko yote.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, ili hoja ieleweke. Jiko limenunuliwa kwa shilingi 60,000, na dhamana yake ni ya mwaka mmoja kwa sharti kwamba lirudishwe dukani mjini. Tuseme nauli ya boti kwenda na kurudi ni shilingi 20,000, mzigo shilingi 5,000, na chakula na malazi shilingi 15,000. Safari moja ni shilingi 40,000. Ikiwa mwananchi ataambiwa aliache jiko kisha arudi kulichukua, safari zitakuwa mbili, na gharama shilingi 80,000. Amezidisha bei ya jiko jipya kwa shilingi 20,000, achilia mbali siku za uvuvi alizozipoteza. Kwa mkazi wa Mukendo, dhamana ile ile inamgharimu mwendo wa miguu. Karatasi ni moja, muda ni mmoja, sahihi ni moja. Lakini mmoja ana dhamana na mwingine hana.

Aina ya tatu ni dhamana ya majiko ya miradi, yale yanayotolewa kwa ruzuku au bure. Hapa mara nyingi mwananchi huona haya kudai, akidhani kwamba kitu cha kupewa hakidaiwi. Dhana hiyo si sahihi. Jiko la ruzuku limelipiwa na mtu: ama na Serikali kwa kodi ya wananchi, ama na mfadhili, ama na biashara ya hewa ya ukaa, ambayo nchini kwetu iliwekewa kanuni zake mwaka 2022. Katika miradi ya hewa ya ukaa, mwenye mradi huhesabiwa faida kwa majiko yanayoendelea kutumika, si kwa yale yaliyotupwa nyuma ya nyumba. Kwa hiyo, mwananchi anayetoa taarifa kwamba jiko limevunjika haombi hisani. Anampa mwenye mradi habari anayoihitaji, na anayo haki ya kutazamia kikombe kipya.

Hapana ubaya kutazama wenzetu wa mbali, ambao baridi huwalazimu kujenga meko ya kuni ndani ya sebule, yenye mlango wa kioo na dohani ya kutolea moshi. Meko hayo ni ghali, na watengenezaji wa Marekani na Ulaya hushindana kwa urefu wa dhamana. Wako wanaotangaza dhamana ya maisha. Mnunuzi akisoma ndani huona kwamba maisha yanayosemwa mara nyingi ni ya kisanduku cha chuma cha moto peke yake, na kwa mnunuzi wa kwanza tu. Nyumba ikiuzwa, dhamana imekufa. Kioo, matofali ya ndani, kamba za kuzibia mlango na feni huwekewa muda mfupi zaidi au huachwa nje. Ujira wa fundi hulipwa kwa kipindi kifupi, baadaye mwenye nyumba hugharimia mwenyewe. Na yote hufutika ikiwa mtu amechoma takataka au mbao zenye rangi, au amewasha moto mkali kupita kiasi. Ndiyo kusema hata huko, tarakimu kubwa iliyoandikwa juu si kipimo cha dhamana. Kipimo ni orodha ya vilivyoachwa.

Lakini wenzetu hao wametuzidi kwa jambo moja: sheria imewalazimisha watengenezaji kusema wazi. Marekani ilitunga sheria mwaka 1975 inayotaka dhamana ya maandishi ya bidhaa za walaji zinazozidi dola 10 itajwe kama ni kamili au ni yenye mipaka, na kanuni zake zinataka masharti yaweze kusomwa kabla ya kununua. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu agizo lao la mwaka 1999, zinamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro kwa muda wa miaka miwili, hata kama mtengenezaji hakuandika dhamana yoyote.

Je, sisi hatuna sheria? Tunazo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithiwa tangu enzi ya ukoloni na kufuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji anayeuza bidhaa za aina hiyo kazi anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wake, basi bidhaa hiyo yapasa kuifaa kazi hiyo. Sharti hilo lipo hata pasipo karatasi. Ndiyo maana tunasema ni muhimu mnunuzi aseme kwa kinywa chake, mbele ya shahidi ikiwezekana: “Nataka jiko la kupikia nyumbani na kukaangia samaki wa kuuza.” Maneno hayo machache yana uzito. Kwa upande mwingine, sheria hiyo haimlindi aliyekagua bidhaa na kuipokea ikiwa na kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuigundua. Basi ligeuze jiko, ligonge kikombe chake kwa kidole, tazama ufa, kabla hujatoa fedha.

Ipo pia Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani. Sheria hii inakataza udanganyifu katika biashara, ina sehemu inayohusu masharti yanayohesabiwa kuwemo katika mikataba ya walaji, na sehemu nyingine inayohusu wajibu wa watengenezaji. Lipo vilevile Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo chanzo chake ni sheria ya mwaka 1975. Na kimataifa, tangu mwaka 2018 kuna utaratibu wa ISO wa kupima majiko ya kupikia, ambao hautazami tu moshi na kiasi cha kuni, bali pia usalama na uimara wa jiko. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba uimara wa jiko ni jambo lisilopimika.

Upungufu wetu, kwa maoni yetu, si wa sheria. Ni wa umbali. Sheria zimefika Musoma, pengine zimefika Nansio. Lakini zinapofika mwaloni hupanda boti kwa shida. Mtu hawezi kusafiri siku nzima na kulala mjini kudai haki ya jiko. Wenye viwanda wanalijua hilo, na tusione ajabu ikiwa baadhi yao wanaandika ahadi kubwa wakitumaini kwamba wachache watazidai.

Haki inatutaka tuwasikilize watengenezaji pia. Wao husema kwamba majiko mengi hayavunjiki kwa ubovu, bali kwa matumizi. Kuna ukweli katika maneno hayo. Wapo wanaozima moto kwa kumwaga maji juu ya udongo uliowaka, na udongo huo hauna budi kupasuka. Wapo wanaosukuma magogo makubwa kwa nguvu katika mlango mdogo wa kuni, na wapo wanaobandika sufuria ya shughuli juu ya jiko la familia. Dawa ya makosa hayo ni maelezo ya matumizi, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kuchorwa kwa picha. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Itakuwaje basi hukumu isomwe kwa Kiswahili, na karatasi ya jiko la kupikia ugali ije kwa lugha ya kigeni?

Watasema tena kwamba dhamana nzuri itapandisha bei, na kwamba mwananchi maskini ndiye atakayeumia. Hoja hii haina budi kujibiwa. Gharama ya jiko bovu ipo tayari. Swali ni nani anaibeba. Leo inabebwa yote na mama wa kisiwani. Na si lazima dhamana iwe ya kubadilisha jiko zima. Kikombe cha udongo peke yake ni rahisi kuliko jiko, na fundi aliyefundishwa aweza kukibadilisha pale pale kijijini. Vikombe vichache vikiwekwa akiba kisiwani vinaondoa haja ya safari mbili tulizozihesabu hapo juu.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo matano kwa viongozi wetu wa mkoa, wilaya na halmashauri. Kwanza, zabuni yoyote ya majiko yatakayogawiwa au kuuzwa kwa ruzuku visiwani iwe na sharti kwamba muda wa dhamana unaanza siku mwananchi alipokabidhiwa jiko, na kwamba huduma itatolewa kisiwani. Pili, sehemu ya malipo ya mwuzaji izuiliwe mpaka kipindi cha dhamana kiishe. Fedha iliyozuiliwa hukumbusha ahadi kuliko barua kumi. Tatu, kila kisiwa kiwe na daftari la majiko, lenye namba ya jiko, tarehe na jina la aliyepewa. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, vipo katika mialo yetu na vinajua kutunza orodha. Vyaweza kusaidia kazi hii, ili majiko mabovu yakusanywe na kusafirishwa kwa pamoja badala ya kila mtu kusafiri na lake. Nne, TBS na Tume ya Ushindani wafike visiwani kutoa elimu, wasiishie mjini. Tano, SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, liwasaidie mafundi wetu wa bati kupiga muhuri na tarehe katika majiko yao, na kutoa hati fupi ya dhamana. Fundi wa Musoma anayetoa miezi sita kwa maandishi, na akaitimiza, anafaa kuliko kiwanda cha mbali kinachotoa miaka mitano isiyofikika.

Kwa wananchi wenzetu wa visiwani tunasema hivi. Msinunue jiko kabla ya kupata majibu ya maswali haya: dhamana ni ya muda gani, na inaanza lini? Inalinda kikombe cha ndani? Inaruhusu kupika vya kuuza? Likivunjika nalipeleka wapi, na nani analipa nauli ya mzigo? Nani atanijibu, ninyi au kiwanda? Majibu yaandikwe nyuma ya risiti na muuzaji atie sahihi. Risiti itolewe kivuli siku ile ile, maana asili yake itafifia. Muuzaji anayekataa kuandika alichokisema amekwisha kujibu.

Wazee wetu walisema jifya moja haliinjiki chungu. Dhamana nayo ina mafiga matatu: mtengenezaji mwaminifu, mnunuzi anayeuliza, na Serikali inayosimamia. Katika miji yetu mafiga hayo yote matatu yapo, ijapokuwa mengine yanayumba. Visiwani tunaye mnunuzi peke yake, ameshika chungu mkononi. Tunawataka wahusika wengine wawili wavuke maji wamfuate, na kwa upande wa Serikali hilo laweza kuanza na zabuni ijayo.